PENYE WENGI: TARIKH YA NASAHA YA KIKUNDI NA KAZI ZA WANAFUNZI

Wazee walisema kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Na wazee hao hao wakasema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwenye kuzisikia methali hizi pamoja huenda akadhani kuwa zapingana. Lakini katika jambo la kijana kuchagua kazi ya maisha yake, zote mbili ni kweli, na tarikh ya nasaha ya wanafunzi katika vikundi ni tarikh ya watu waliojitahidi kuziunganisha.

Jambo hili latuhusu khasa sisi Waislamu wa Uganda. Katika zama za utawala wa Waingereza shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walichelea kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabatizwa. Kwa sababu hiyo vijana wetu wengi waliingia katika biashara, uuzaji wa nyama na udereva. Kazi hizo ni za halali, na chumo lake limejenga nyumba zetu na misikiti yetu. Aibu haimo katika kazi hizo. Hasara ilikuwa kwamba kijana hakuwa na nyingine ya kulinganisha nazo. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922, ikafundisha useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo, mlango wake ulikuwa kwa yule aliyekwisha pita shule. Asiyepita shule hakuchagua, alichaguliwa.

Wala hayo hayakuwapata watu wetu peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji wa Boston, huko Marekani, ulikuwa umejaa wahamiaji kutoka Ulaya, na watoto wao waliacha shule wakashika kazi yo yote iliyowatokea. Frank Parsons, mwanasheria na mwalimu aliyezaliwa mwaka 1854, alihuzunishwa na hali hiyo. Alialikwa kuzungumza na kundi la wavulana waliokuwa wakimaliza masomo ya jioni, na mazungumzo yalipokwisha baadhi yao wakamwendea, kila mmoja akiomba ashauriwe peke yake. Mwezi wa Januari 1908 ikafunguliwa ofisi ya kuwashauri vijana juu ya kazi. Parsons alifariki mwezi wa Septemba mwaka huo huo, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1909. Mafundisho yake yalikuwa matatu: kijana aijue nafsi yake, azijue kazi, masharti yake na malipo yake, kisha apime kwa akili namna hayo mawili yanavyolingana.

Mwaka 1907 Jesse Davis, mkuu wa shule ya sekondari katika mji wa Grand Rapids, alikuwa amekwisha anza njia nyingine. Aliagiza kwamba katika masomo ya Kiingereza kitengwe kipindi kila juma, wanafunzi waandike insha na kuzungumza juu ya tabia njema na kazi za watu. Hivyo nasaha ikaingia darasani, ikawafikia hata wale wasiothubutu kubisha mlango wa mshauri. Mwaka 1913, katika mji huo huo, likaundwa shirika la taifa la washauri wa kazi. Na mwaka 1931 Richard Allen, wa mji wa Providence, akaandika juu ya nasaha ya kikundi kwa jina lake hilo.

Je, kikundi humfanyia nini mwanafunzi? Kwanza, humwondolea upweke. Kijana anayeona haya kwamba hajui atakalo husikia mwenziwe akikiri vivyo hivyo, na ulimi wake hufunguka. Pili, humwongezea khabari, maana mmoja ana mjomba mganga, mwingine ana shangazi mwalimu. Mwaka 1964 John Krumboltz na Carl Thoresen walieleza uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa sekondari: wale walioshauriwa na kutiwa moyo kila walipotaja nia ya kutafuta khabari za kazi, wakiwa peke yao au katika kikundi, walitoka wakazitafuta zaidi kuliko wenziwao wasioshauriwa. Kikundi chema, basi, humtuma mtu kwenda kuuliza.

Lakini tusighafilike na hatari yake. Mwaka 1951 Solomon Asch alitangaza majaribio ambayo watu walitakiwa walinganishe urefu wa mistari. Wenziwao, waliokwisha pangwa kwa siri, walipotoa jibu la uongo, karibu theluthi ya majibu ya waliojaribiwa yaliufuata uongo huo, ingawa macho yao yaliona kweli. Ikiwa ni hivyo katika kupima mstari, sembuse katika kupima maisha? Wanafunzi kumi wakisema wote kwamba watakuwa madaktari, yule anayependa ufundi wa umeme atanyamaza. Ndiyo maana hapana budi awepo mshauri mwenye busara, amwombe kila mmoja aandike fikara zake kabla ya mazungumzo, na baadaye akae na kila mmoja faraghani.

Leo milango ni mingi. Tangu mwaka 1988 tunacho Chuo Kikuu cha Kiislamu mjini Mbale, na vijana wetu, wake kwa waume, wamo katika vyuo vingi vinginevyo. Hata hivyo mlango uliofunguliwa haumwongozi mtu aendako. Jumuiya yetu inao wauguzi, wahandisi, mafundi, wakulima na wafanya biashara. Wakati wa likizo na wakae kikao kimoja na wanafunzi wetu, waeleze kazi zao kwa ukweli, taabu yake na faida yake, bila ya kumshurutisha mtu. Kushauriana ni desturi yetu tangu zamani, na sura nzima ya Kurani yaitwa Ash-Shura. Wengi na watoe shauri. Na kijana, baada ya kuwasikiliza, aamue mwenyewe.