Kuitayarisha nyumba kabla ya masika bila gharama kubwa

WAKAZI wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawana haja ya kuziba madirisha yao dhidi ya theluji, kama wafanyavyo wenzao wa Ulaya. Adui wao ni maji. Mvua za masika huanza Machi au Aprili na kufikia kilele chake mwezi wa Mei, ambao kwa wastani hupata zaidi ya milimita 200, katika mji ambao kwa mwaka mzima hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000. Fundi anayeitwa Mei huwa ana wateja wengine wanaomngoja, na udongo umekwisha kulowa. Matengenezo ya bei nafuu ni yale yanayofanywa wakati wa kaskazi, Januari hadi mwanzoni mwa Machi, jua lingali kali.

Yako mambo ya historia yanayofanya jambo hili kuwa zito zaidi upande wa bara wa Mombasa. Tangu Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908, familia nyingi zimeishi katika utaratibu ambao mtu humiliki nyumba lakini si kiwanja. Kiwanja hukilipia kodi kwa mwenyewe. Asiye na hakika na ardhi huona vigumu kumwaga zege. Ndiyo sababu nyumba za fito na udongo zilizoezekwa kwa bati kuukuu au makuti zingali nyingi, na nyumba hizo ndizo zinazohitaji kutunzwa kila mwaka.

Kazi ianzie juu. Saa sita mchana, funga milango na madirisha, kisha tazama paa kutokea ndani. Penye tundu patapenya nuru. Patie alama kwa kipande cha mkaa kwenye boriti iliyo karibu. Mara nyingi kosa si la bati bali la msumari: umepigwa katika bonde, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni, au mpira wake umekauka na kupasuka. Kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli kilichokatwa mviringo hufaa kuwekwa chini ya kichwa cha msumari. Tundu dogo huzibwa kwa kitambaa kilicholowekwa lami, bati likiwa kavu na limesuguliwa kutu. Mwenye paa la makuti hana lazima ya kuezeka upya nyumba nzima. Anaweza kubadilisha makuti ya viungo upande uelekeao kusi, kwa kuwa upepo huo ndio usukumao mvua wakati wa masika.

Kiambaza huanguka kwa sababu ya miguu yake. Matone yanayodondoka kutoka paani hurusha matope, hula udongo wa chini na kuziacha fito wazi. Wazee waliojenga upenu mrefu na baraza mbele ya nyumba hawakuwa wakitafuta mahali pa mazungumzo tu. Vitu hivyo viwili huuweka ukuta mbali na maji. Penye ufa, kandika mapema ili udongo upate siku kadhaa za kukauka, kisha pitisha chokaa. Panga vipande vya matumbawe au kokoto chini ya upenu ili matone yasichimbe. Wako wanaopaka oili chafu ya gari kwenye nguzo kuwazuia mchwa. Oili hiyo ina sumu na huweza kufika kisimani. Heri kuondoa udongo uliorundikana kwenye nguzo na kuvunja vichuguu kila vinapoonekana.

Maji ya ardhini hutegemea mahali. Changamwe kuna udongo mzito ambao hunyonya maji polepole, kwa hiyo mfereji wa kuyatoa uani ni wa lazima. Kisauni, sehemu zilizo karibu na bahari zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji huzama upesi. Wengi huliona hilo kuwa neema, lakini mwamba huo una nyufa zinazoweza kusafirisha uchafu wa choo cha shimo hadi kisimani. Umbali wa mita 30 unaopendekezwa mara nyingi hautoshi kuwa dhamana. Inua ukingo wa kisima, ukifunike, na maji ya kunywa yachemshwe msimu wote. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliandamana na mlipuko wa kipindupindu nchini. Kuhusu mitaro ya mtaani, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini chupa zingali zinaiziba. Asubuhi moja ya majirani wenye majembe hufanya kazi kubwa.

Si mvua yote ni hasara. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Paa la bati la mita 40 za mraba, siku ya mvua ya milimita 25, hupokea lita 1,000. Hata ukipoteza sehemu ya tano, zinabaki lita 800, yaani mitungi 40 ya lita 20 ambayo hukuinunua kwa mwenye mkokoteni. Acha mvua ya kwanza ioshe paa kabla ya kukinga. Pipa lifunikwe kwa kitambaa cha wavu uliobana: mbu anayeeneza denge na chikungunya huzaana katika maji safi yaliyotuama nyumbani, na huuma mchana. Mombasa ilikumbwa na denge 2013, na chikungunya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018.

Nyaya za umeme zinazopita chini ya sehemu inayovuja zihamishwe na fundi aliyehitimu. Hapo si mahali pa kubana matumizi.

Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kabla ya kununua hata msumari mmoja. Wakikubaliana kwamba gharama itakatwa kwenye kodi, waandike kiasi na mwezi, wote wawili watie sahihi, na risiti za duka la vifaa ziambatishwe.