Toba ya Moyo na Toba ya Macho

Wasikilizaji wangu, leo natutazame neno hili toba, na jinsi lilivyojaribiwa katika nchi ya Masasi, iliyo bara, nyuma ya pwani ya Mtwara, karibu na mto Ruvuma.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Unguja aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani, nao wakafanya makao Masasi. Misioni ilipokua ikakutana na desturi kubwa ya wenyeji, Wayao na Wamakua na wenzao, yaani jando. Kijana asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto, hata akiota ndevu. Walakini jandoni mlikuwa na matambiko ya mizimu, nayo Kanisa halikuyakubali.

Basi, Mkristo mwenye mwana afanye nini? Akimzuia, mwanawe atadharauliwa na wenziwe. Akimpeleka, amevunja ahadi ya ubatizo wake. Hapo ndipo unafiki unapotega mtego: Jumapili mtu yumo kanisani, kanzu nyeupe, usiku ampeleka mwanawe mwituni kwa siri. Amri yaweza kufunga mlango wa nyumba, lakini mlango wa moyo haiufungi.

William Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, aliona kwamba kukataza tu hakutoshi. Yeye na mapadri Waafrika walilipeta jando kama mpunga: lililo jema wakalibakiza, la mizimu wakalipeperusha, na mahali pake wakaweka sala na mafundisho ya Kikristo. Jambo la sirini likaja mwangani.

Je, kazi ilikwisha? La, haikwisha. Hata jando la Kikristo laweza kuwa vazi tu, likivaliwa na mtu asiyegeuka moyoni.

Kumbukeni watu wawili waliopanda hekaluni kusali. Mfarisayo alihesabu saumu na zaka zake. Mtoza ushuru hakuwa na la kuhesabu ila dhambi yake, naye ndiye aliyerudi nyumbani amekubaliwa.

Wazee husema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Toba ya kweli haipigiwi ngoma. Aliyedhulumu amerudisha, aliyegombana amepatana, aliyesema uongo ameungama: hiyo ndiyo alama yake, nayo jirani huijua kabla ya kuambiwa.