Ukoka na Dumu la Maji: Haki katika Makatazo ya Kumwagilia Bustani za Nyumbani Wakati wa Ukame

Ikisiri

Makala haya yanachunguza amri za kuzuia umwagiliaji wa nyasi za mapambo majumbani wakati wa ukame, kwa kurejelea California (2012–2016) na Cape Town (2015–2018). Hoja kuu ni kwamba katazo hilo lina uzito kuliko lita linazookoa, kwa kuwa linatenganisha haja na pambo ndani ya kile ambacho sheria hukiita kwa jumla "matumizi ya nyumbani". Makala yanaonyesha kuwa katazo hushindwa pale linapoegemea hiari, bei au ratiba ya siku peke yake, na kwamba mgao wa maji tuliouzoea katika miji ya Afrika Mashariki hauwezi kushika nafasi yake.

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Aprili 2015, Gavana Jerry Brown wa California alipanda hadi kituo cha Phillips katika milima ya Sierra Nevada. Hapo ndipo wapimaji huchomeka fimbo zao kwenye theluji kila mwaka, wapate kujua ni maji kiasi gani yatateremka mabondeni kiangazi kikifika. Siku hiyo fimbo haikuwa na cha kupima. Gavana alisimama juu ya nyasi kavu, na theluji ya jimbo zima ilikuwa asilimia 5 tu ya wastani wa majira hayo. Papo hapo akatangaza kuwa matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Kwa mara ya kwanza katika historia ya jimbo hilo, kupunguza maji kukawa lazima. Nyasi zilitajwa waziwazi ndani ya amri hiyo: futi za mraba milioni 50 za ukoka zing'olewe na mahali pake ipandwe mimea inayovumilia ukame, na nyasi za mapambo zilizo katikati ya barabara zisimwagiliwe tena kwa maji ya kunywa.

Msomaji anaweza kushangaa. Jimbo lenye mashamba makubwa na viwanda vingi limepatwaje na haja ya kushughulikia ukoka wa uani? Jibu linahitaji kwanza tutazame sheria za maji zinavyopanga vipaumbele. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 inayatanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya 2009 nayo inaweka mbele mahitaji ya binadamu. Utaratibu huo ni wa haki, lakini neno "nyumbani" ni pana mno. Limebeba dumu la maji ya kupikia uji, na limebeba pia mpira unaonyunyizia bustani usiku kucha. Mvua zinaponyesha vizuri, upana huo haumuumizi mtu. Ukame ukiingia, upana huo humpa mwenye bustani haki ileile ya mwenye kiu. Katazo la kumwagilia ndilo linaloligawa neno hilo, na ndiyo sababu linastahili kufikiriwa kwa makini.

2.0 Kiu ya ukoka

Tuanze na hesabu. Maji yenye kina cha milimita moja juu ya eneo la mita moja ya mraba ni lita moja. Katika kiangazi cha Los Angeles, ukoka uliostawi hupoteza takriban milimita 5 kwa siku kwa uvukizi na kwa kupumua kwa majani. Bustani ya mita 100 za mraba, ambayo ni mita 10 kwa 10 tu, inahitaji basi lita 500 kila siku ili ibaki kijani. Hayo ni madumu 25 ya lita 20. Wakati Cape Town ilipobanwa zaidi na ukame, kila mkazi aliruhusiwa lita 50 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo. Bustani hiyo ndogo inakunywa posho ya watu 10.

Kuna tofauti nyingine ambayo hesabu hiyo haionyeshi. Maji ya jikoni na bafuni hushuka kwenye mfereji wa majitaka, yakasafishwa, na yanaweza kutumika tena. Las Vegas wamelijenga jambo hili kuwa mfumo kamili: maji yaliyotumika ndani ya nyumba husafishwa na kurudishwa katika ziwa la Mead, na mji hupewa haki ya kuchota kiasi hicho tena kutoka mto Colorado. Maji ya bustani hayarudi. Yamekwenda na upepo. Kwa sababu hiyo, mwaka 2021 jimbo la Nevada lilipitisha sheria kuwa kuanzia 2027 maji ya mto huo yasitumike tena katika eneo la Las Vegas kwa nyasi ambazo hakuna anayezikanyaga isipokuwa mkata nyasi. Nyumba za familia binafsi ziliachwa nje ya sheria hiyo, na hapo tunaona jinsi watunga sheria wanavyosita kuvuka kizingiti cha mlango wa mtu.

Msomaji wa Afrika Mashariki anahusika na nyasi hizi kuliko anavyodhani. Aina moja iliyoenea sana katika bustani za Afrika Kusini, na iliyofika hata California, inaitwa kwa jina la Wakikuyu, kwa kuwa asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Huko kwao mvua huja mara mbili kwa mwaka na ardhi hukaa na unyevu. Cape Town hupata mvua wakati wa baridi, kisha jua huwaka miezi kadhaa bila tone. Jani lililozaliwa penye mvua likipandwa penye kiangazi kirefu, bomba ndilo hulipa deni la mawingu.

3.0 Hiari na lazima: funzo la California

Amri ya 2015 ilitanguliwa na ombi. Januari 2014 Gavana Brown alitangaza hali ya dharura na kuwaomba wananchi wapunguze matumizi kwa asilimia 20 kwa hiari yao. Mwaka ulipopita, punguzo halikufika hata nusu ya lengo. Sikubaliani na wanaosema kuwa wananchi hawakujali. Hiari humwelemea mwema: anayezima mpira wake anamwona jirani akiendelea kunyunyizia, naye anajiuliza anajinyima kwa ajili ya nani. Lazima inayowahusu wote humwondolea mwema mzigo wa kuonekana mjinga.

Baada ya amri, bodi ya maji ya jimbo iliwapangia wasambazaji zaidi ya 400 viwango tofauti. Wale ambao wateja wao hutumia maji kidogo walitakiwa kupunguza asilimia 8, na wenye matumizi makubwa kabisa asilimia 36. Huo ndio uamuzi bora zaidi katika sera ile. Asilimia ileile kwa wote ingemdhulumu aliyekwisha jibana, kwa sababu asiye na bustani akipunguza robo anapunguza kuoga. Matokeo ya mwaka wa kwanza yalikaribia lengo la asilimia 25.

Hata hivyo, amri ilikuwa na udhaifu mkubwa: ilimbana msambazaji na kumwacha mtumiaji. Oktoba 2015 wasambazaji wanne walitozwa faini ya dola 61,000 kila mmoja, ukiwemo mji wa kitajiri wa Beverly Hills. Mwenye jumba lenye ekari za ukoka hakuisikia faini hiyo mfukoni. Wakati huohuo, katika East Porterville, makazi ya watu wa kipato cha chini kwenye bonde la kati la jimbo hilohilo, visima vya mamia ya nyumba vilikauka kabisa, na familia ziliishi kwa maji ya chupa na matangi yaliyowekwa mbele ya nyumba.

Ukame uliporudi, mamlaka ya maji ya Las Virgenes, inayohudumia vitongoji vya matajiri karibu na Los Angeles, ilijifunza. Mwaka 2022 ilianza kufunga vizuizi vya mtiririko kwenye mabomba ya wateja waliozidisha matumizi mara kwa mara. Kizuizi hicho huruhusu maji ya kutosha kupika na kuoga, lakini vinyunyizio vya bustani haviwezi kufanya kazi. Hapa kipande kidogo cha chuma kinatekeleza kile ambacho sheria haikuweza kukisema kwa maneno: haja ipite, pambo lingoje.

4.0 Cape Town: mji mmoja, matumizi mawili

Cape Town ilikwenda mbali zaidi. Baada ya misimu mitatu ya mvua haba, bwawa lake kuu la Theewaterskloof liligeuka uwanja wa vumbi. Umwagiliaji wa bustani kwa maji ya mji ulipigwa marufuku, na kuanzia Februari 2018 kila mtu akawekewa kikomo cha lita 50. Mpango ulikuwa kwamba mabwawa yakishuka hadi asilimia 13.5, mabomba ya majumbani yafungwe na watu wapange foleni katika vituo takriban 200 kupokea lita 25 kila mmoja. Siku hiyo haikufika. Matumizi ya mji yalikuwa yameshuka kutoka takriban lita bilioni 1.2 kwa siku mwanzoni mwa 2015 hadi karibu nusu bilioni, na mvua zikarudi.

Mafanikio hayo ni ya kweli, lakini yanaficha jambo. Utafiti wa Elisa Savelli na wenzake, uliochapishwa 2023, ulikadiria kuwa kaya za tabaka la juu kabisa mjini humo hutumia lita 2,161 kwa siku, na kaya za mitaa ya mabanda lita 41. Matajiri na wenye kipato cha juu cha kati hawafiki asilimia 14 ya wakazi, lakini hutumia zaidi ya nusu ya maji yote ya majumbani. Sehemu kubwa ya maji hayo huenda kwenye bustani na mabwawa ya kuogelea. Wa lita 41 hakuwa na cha kupunguza. Amekuwa chini ya kikomo cha dharura maisha yake yote. Tena, vifaa vya kukata maji mtu akifikia kipimo cha siku vilikuwa vimefungwa kwanza, miaka mingi kabla ya ukame huo, katika nyumba za maskini wenye madeni ya ankara. Ukame ulipokolea ndipo vikafika kwa watumiaji wakubwa.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza husema kilimo ndicho mlaji mkuu, na kweli huko California kinachukua takriban asilimia 80 ya maji yatumiwayo na binadamu. Lakini shamba hutoa chakula na ajira, na maji yake mara nyingi yana bwawa na haki za kisheria tofauti na za mji. Mkulima anaweza na anapaswa kuchangia: Februari 2018 wakulima wa eneo la Groenland waliipa Cape Town lita bilioni 10 kutoka bwawa lao. Ingekuwa aibu maji hayo yaliyotolewa na mkulima yaishie kwenye ukoka.

Pingamizi la pili ni la wachumi: pandisha bei, na kila mtu ataamua. Bei huuliza nani ana fedha. Haiulizi nani ana haja. Mwenye uwezo hulipa na kuendelea, na familia nyingi zinazochangia mita moja hupandishwa daraja la bei kwa sababu ya wingi wao tu.

Pingamizi la tatu lina ukweli: miti ya mjini hutegemea maji ya bustani, na ikifa, joto huongezeka. Jawabu ni kuandika katazo vizuri. Mti wa kivuli na mchicha wa kuliwa viruhusiwe kwa ndoo, ukoka unyimwe.

6.0 Mgao wetu

Nairobi iliingia kwenye mgao Januari 2017 maji ya bwawa la Ndakaini yalipopungua. Dar es Salaam nayo ikaingia Oktoba 2022 maji ya mto Ruvu yalipopungua. Mgao hufunga bomba la mtaa mzima kwa siku kadhaa, kisha hulifungua. Unaonekana wa haki kwa sababu ratiba ni moja. Lakini mwenye tangi la lita 10,000 na kisima kirefu hapati kiu siku ya zamu ya wengine, na bustani yake hubaki kijani. Mpangaji mwenye ndoo mbili hununua dumu kwa mchuuzi wa mkokoteni kwa bei inayozidi ya bomba mara nyingi. Mgao hugawa saa, haugawi matumizi. Visima navyo visisahauliwe, kwani maji ya chini ya ardhi ni ya wote: Cape Town iliwawekea wenye visima binafsi siku na saa za kumwagilia.

7.0 Hitimisho

Katazo la kumwagilia nyasi linafaa likitimiza masharti manne: liwe la lazima, lipime kwa kiasi anachotumia mtu na si kwa asilimia ileile kwa wote, limfikie mtumiaji mwenyewe penye mita yake, na lihusishe visima binafsi. Miji ya Afrika Mashariki isingoje ukame ujao ndipo iandike kanuni hizi. Ziandikwe sasa, mito ikiwa imejaa, na zisomeke hivi: kabla bomba la mtaa wowote halijafungwa kwa mgao, mpira wa kumwagilia ukoka uwe umezimwa katika kila mtaa.