Nyumba ya Delmonico: Historia Fupi Kuelekea Miaka 200

Giovanni Del-Monico alikuwa nahodha kabla hajawa mwenye mgahawa wa Delmonico, New York, na sisi tunaoipenda nyumba yake hatuchoki kulitaja hilo. Alizaliwa Mairengo, kijiji cha milimani jimboni Ticino, Uswisi, upande wanaosema Kitaliano. Alisafiri baina ya Cuba, Hispania na New York mpaka bahari ikamchosha, akafungua duka la mvinyo New York: ananunua kwa mapipa, anajaza chupa mwenyewe, anauza. Biashara ilimlipa, lakini aliona mji ule una fedha na hauna pa kulia. Watu walikula saa aliyoitaka mwenye nyumba ya wageni, wote chakula kimoja, na ukichelewa shauri yako. Basi akapanda meli kurudi kwao kumchukua kaka yake Pietro, fundi wa keki na peremende mjini Bern. Wakachanga akiba zao, kiasi cha dola 20,000, wakaja pamoja.

Desemba 13, 1827 walifungua duka namba 23 William Street. Meza sita za mbao za msonobari, viti vya mbao, vikombe vya udongo, uma za meno mawili: hiyo ndiyo ilikuwa Delmonico yote. Ndugu wawili wenyewe, kofia na aproni nyeupe, waliuza keki, kahawa, chokoleti ya moto na mvinyo. Mke wa Pietro alikaa kaunta. Wageni kutoka Ulaya ndio waliojaa kwanza, wakikumbuka kwao. Wamarekani walichungulia, wakaingia kwa haya, wakaonja, kesho yake wakaja na wenzao. Haukupita muda wakakodi chumba cha jirani, namba 25, wakaweka mpishi wa Kifaransa na karatasi ya vyakula yenye bei kando ya kila kimoja. Mteja akawa anachagua anachotaka, saa anayotaka. Leo tunaona ni kawaida, lakini kwa New York ya siku zile lilikuwa jambo geni.

Kazi ilipowazidi hawakutangaza nafasi za kazi. Waliandika barua nyumbani. Mwaka 1831 akaja Lorenzo, mtoto wa ndugu yao, kijana wa miaka 18, na baada yake wadogo zake. Kwa maoni yangu barua ile ndiyo iliyoijenga nyumba hii kuliko sahani yoyote. Mwaka 1834 ami zake walinunua shamba la ekari 220 Williamsburgh, ng'ambo ya mto, wakapanda mboga ambazo wenyeji hawakuzizoea mezani, biringanya zikiwamo.

Usiku wa Desemba 16, 1835 moto mkubwa uliunguza sehemu ya biashara ya mji, na William Street haikusalimika. Familia haikukaa kulia. Walikuwa na nyumba ya wageni Broad Street, wakahamishia mgahawa huko ndani ya miezi michache, na mwaka 1837 wakafungua jengo jipya kwenye pembe ya Beaver na South William, lenye nguzo mlangoni ambazo wenyewe walisema zimeletwa kutoka Pompeii. Tangu hapo walijiandika Delmonico, neno moja, na Giovanni akawa John.

John alifariki mwaka 1842 akiwa mawindoni Long Island. Pietro alistaafu mwaka 1848, na Lorenzo akashika usukani hadi alipofariki mwaka 1881. Huyu ndiye kipenzi chetu. Alfajiri, mji ungali umelala, alikuwa tayari sokoni akichagua nyama, samaki na ndege kwa mkono wake. Akirudi alikunywa kahawa nyeusi, akavuta sigara ya Havana, ndipo akaenda kulala. Aliwahi kujaribu biashara ya mafuta, haikumwendea vizuri, lakini mgahawa ulimrudisha juu.

Mwaka 1862 ulipofunguliwa mgahawa wao wa Fourteenth Street, jikoni aliingia Charles Ranhofer, Mfaransa, aliyekuja kuandika kitabu kikubwa, The Epicurean, mwaka 1894. Aprili 1868 waandishi wa habari walimfanyia Charles Dickens karamu hapo, na mwaka huohuo wanawake wa chama cha Sorosis walikula mchana bila kusindikizwa na wanaume, jambo lililoushangaza mji. Kisa cha kamba koche hakikosi kusimuliwa: Ben Wenberg, nahodha wa meli za matunda, aliwafundisha kuipika kwa siagi, malai, viini vya mayai na mvinyo. Wakaiweka kwenye menyu kwa jina lake. Baadaye wakakosana, herufi zikapinduliwa, ikawa Newberg.

Charles, mrithi wa Lorenzo, alitutoka Januari 1884 baada ya kuugua. Baada yake Charles Crist Delmonico aliendelea hadi mwaka 1901.

Mambo mengine yalikwenda hivi: mwaka 1897 ulifunguliwa mgahawa wa Fifth Avenue na 44th Street, mwaka 1917 ule wa Beaver Street ukafungwa, mwaka 1919 familia ikauza biashara, Januari 1920 marufuku ya pombe ikaanza, na Mei 1923 milango ya Fifth Avenue ikafungwa. Kisha Oscar Tucci, mhamiaji kutoka Italia, akafufua jina palepale South William na familia yake. Wamiliki wengine wakafuata, janga la UVIKO-19 mwaka 2020 likaufunga mgahawa, na mwaka 2023 ukafunguliwa tena.

Desemba 13, 2027 itatimia miaka 200. Wanaotaka meza waanze mapema.