Neno Lilitangulia Herufi: Mtu Mzima wa Usukuma Mbele ya Kiarabu

Imezoeleka kudhani kwamba mtu mzima wa bara, tuseme mkulima wa pamba wa Kimali mkoani Simiyu, anapoingia darasa la Kiarabu huanza patupu. Historia ya Kiswahili haiungi mkono dhana hiyo. Wala haiungi mkono dhana ya pili, kwamba ajuaye Kiswahili amekwisha kujua nusu ya Kiarabu.

Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walisafiri kwa miguu kati ya bara na Bagamoyo, wakarudi na Kiswahili cha njiani. Maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyokuwamo waliyapokea kwa sikio, bila maandishi. Pwani hali ilikuwa nyingine: barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa tangu mwaka 1711, na kuhifadhiwa Goa, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Usukumani kusoma kulienea baadaye, kwa herufi za Kirumi. Mradi wa kisomo wa UNESCO katika mikoa ya Ziwa, uliokuwa na makao Mwanza kati ya 1968 na 1972, uliwafundisha watu wazima kusoma sambamba na kilimo bora cha pamba.

Tuutazame msamiati wa darasa la namna hiyo: kitabu, kalamu, karatasi, hesabu, elimu, mwalimu. Yote yana asili ya Kiarabu, lakini Msukuma aliyapokea kama Kiswahili, na alikuwa na haki. Kiswahili kilikwisha kuyafanya yake. Kitabu kiliingizwa katika ngeli ya ki-/vi-, wingi ukawa vitabu, ilhali Mwarabu husema kutub. Herufi limetokana na huruf, ambalo kwa Kiarabu ni wingi wa harf. Katika Kiswahili hutaja hata moja.

Kutokana na urithi huo, mwanafunzi hupata faida na mtego kwa pamoja. Faida ni kwamba kitabu, katibu na maktaba, aliyoyajua kama maneno matatu yasiyo na udugu, sasa huyaona yakichipuka katika mzizi mmoja wa k-t-b. Mtego umo katika sauti. Kiarabu hutofautisha q ya qalam na k ya kitab. Kiswahili sanifu kimezifanya zote k. Anayefuata mazoea hayo hukusudia kutaja moyo, qalb, akasikika akitaja mbwa, kalb.

Mwalimu anayecheka kosa hilo huenda akampoteza mwanafunzi mwenye mvi, ambaye kuketi darasani tu kumemgharimu heshima yake. Kosa lenyewe si ujinga. Ni kanuni ya Kiswahili inayofanya kazi kinywani mwake. Basi na aanzishwe kwa maneno aliyo nayo, afunzwe kwanza kuzitenga sauti ambazo Kiswahili kiliziunganisha, ndipo aonyeshwe herufi. Kwa utaratibu huo atapewa maandishi ya maneno ambayo babu zake waliyabeba pamoja na mizigo.