Tiba Fupi ya Askari: Haraka ya Nani?

Katika hospitali za serikali za askari wastaafu nchini Marekani, mtu aliyerudi kutoka Iraq au Afghanistan akiwa hapati usingizi, akiruka kila mlango unapobamizwa, hupewa tiba ambayo mwisho wake unajulikana tangu siku ya kwanza: vikao 8 hadi 15, kila kimoja dakika 90. Wengi wakisikia hivyo hushuku. Vita vilivyomwandama mtu miaka kumi vitamtoka vipi kwa miezi mitatu? Shaka hiyo haikutoka hewani. Majeshi yalianza kuwatibu askari harakaharaka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na haraka ile haikuwa kwa faida ya mgonjwa. Ila ninavyoona, urefu wa tiba si kipimo. Cha kuuliza ni haraka hiyo ni ya nani, na ndani ya kikao kunafanyika nini.

Februari 1915 daktari Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu askari wa Uingereza waliopoteza uwezo wa kuona vizuri, kunusa na kukumbuka baada ya mabomu kulipuka karibu nao. Ndipo mshtuko wa mabomu ulipoingia katika maandishi ya kitabibu. Majibu yaliyotolewa yalikuwa mafupi kweli. Katika hospitali ya Queen Square jijini London, Lewis Yealland alimfungia kijana wa miaka 24, bubu tangu atoke vitani, katika chumba chenye giza, akampiga umeme kooni na kumwambia hatoki mpaka aongee kama zamani. Baada ya saa nne hivi kijana akaongea. Yealland aliyaeleza hayo mwenyewe katika kitabu chake cha 1918, tena kwa fahari. Nyuma ya mstari wa mbele, madaktari wa Ufaransa, Uingereza na Marekani walifuata njia ya upole zaidi: usingizi, chakula cha moto, siku chache za mapumziko, na kukumbushwa kila mara kwamba utarudi kwa wenzako. Mafanikio yalihesabiwa kwa idadi ya waliorudi mstarini. W. H. R. Rivers wa hospitali ya kijeshi ya Craiglockhart, aliyewahimiza wagonjwa wake wayakabili waliyoyaona badala ya kuyafukia, alikuwa na subira kuliko wote hao. Hata hivyo naye alikuwa ofisa wa jeshi, na kupona kwa mgonjwa wake kulimaanisha kurudi Ufaransa.

Tiba ya leo, ambayo ni aina ya tiba ya tabia, ina asili nyingine, na sehemu ya asili hiyo iko Afrika. Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa daktari katika jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Askari walioathirika akili walikuwa wakidungwa dawa ya kuwalegeza ili wayatoe yaliyowakaa moyoni. Waliyatoa, wakalia, kisha wakabaki vilevile. Wolpe alichoshwa na matokeo hayo, akaenda kufanya majaribio ya paka katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akaona kwamba hofu iliyofundishwa inaweza kuondolewa ikiwa mnyama atakisogelea kile anachokiogopa hatua kwa hatua. Kitabu chake cha 1958 kiliiweka njia hiyo wazi. Alibuni pia kipimo cha hofu cha 0 hadi 100 ambacho mgonjwa anajipimia mwenyewe. Jambo dogo, lakini kwangu ndilo lenye uzito: mwenye kusema tiba imefika wapi sasa ni mgonjwa. Kamanda hayumo.

Kutoka hapo hadi kwa askari wastaafu njia haikunyooka. Ugonjwa huu ulipata jina rasmi, PTSD, katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya maveterani wa Vietnam na madaktari waliowaunga mkono kupiga kelele kwa miaka. Serikali iliwafungulia wodi maalumu ambamo watu walilazwa kwa miezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ukaonyesha kuwa waliolazwa muda mrefu hawakupata nafuu zaidi kuliko waliolazwa muda mfupi. Miaka hiyohiyo ya wodi, huko Philadelphia, Edna Foa, aliyewahi kusoma kwa Wolpe, alikuwa akiwatibu wanawake waliobakwa. Matokeo yake ya mwaka 1991 ndiyo msingi wa tiba wanayopewa askari leo: mgonjwa anafumba macho, anasimulia tukio kana kwamba linatokea sasa hivi, sauti yake inarekodiwa, naye anakwenda kuisikiliza nyumbani kila siku. Jeshi, lenye hospitali zake zote, limekuja kuazima dawa kutoka kwa wanawake waliojeruhiwa bila vita.

Kuna watakaosema serikali imeipenda tiba hii kwa kuwa ni rahisi. Bila shaka gharama ilitazamwa. Lakini wodi zile za gharama kubwa hazikuponya zaidi, na mwaka 2007 jaribio la vikao 10 kwa wanawake 284 waliotumikia jeshi lilionyesha kwamba asilimia 41 ya waliopata tiba ya Foa hawakuwa tena na ugonjwa, dhidi ya asilimia 28 ya waliopata ushauri wa kawaida. Pingamizi zito zaidi liko ndani ya takwimu hizohizo: zaidi ya nusu walibaki wagonjwa. Mapitio ya mwaka 2015 yalikadiria kuwa theluthi mbili ya askari wanaomaliza tiba za aina hii bado wana ugonjwa, ingawa wengi wamepata ahueni. Hilo silipingi. Linawabana wanaoitangaza tiba kama dawa ya wote. Haliwatetei wanaotaka turudi kwenye wodi.

Pingamizi la mwisho ni la askari mwenyewe: vipi kama kinachomtesa si alichotendewa bali alichotenda? Jibu moja limejaribiwa karibu nasi. Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walianza na wakimbizi wa Sudan katika makazi ya Imvepi, Uganda: vikao vinne, kamba inatandazwa chini kuwa mstari wa maisha, ua kwa jema, jiwe kwa baya, kisha kila jiwe linasimuliwa kwa mpangilio. Mwaka mmoja baadaye asilimia 29 tu walibaki na ugonjwa, dhidi ya asilimia 79 ya waliopata ushauri wa kawaida. Walipoipeleka njia hiyo kwa wapiganaji wa zamani huko Goma, waliongeza vijiti, kila kijiti kikiwa ukatili alioufanya mwenye kamba. Navyo vinasimuliwa, pamoja na raha aliyoisikia siku ile, kama aliisikia. Kisha kinafuata kikao cha pamoja kuhusu kuanza maisha ya uraia. Ila mashariki mwa Kongo aliyeweka silaha chini hana hakika kwamba kikundi kingine hakitamchukua kesho, na tiba iliyobuniwa kwa watu waliokwisha kutoka vitani inabidi ifanye kazi vita vikiwa bado vinaendelea.