Bakteria wa udongo na nyanya: Mkulima anaweza kupunguza mbolea ya viwandani kwa kiasi gani?

Nyanya haikosekani katika jiko la Kampala. Kuanzia Nakasero hadi Kalerwe na Owino, hupangwa kwa mafungu kila asubuhi, na nyingi kati yake hutoka katika mashamba yasiyo mbali na jiji, katika wilaya za Wakiso, Mpigi na Mukono. Hata hivyo, zao hili lina gharama kubwa. Nyanya hula sana, na mkulima anayetaka matunda makubwa hulazimika kununua mbolea ya viwandani ambayo Uganda, nchi isiyo na bahari, huipokea kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Bei za mbolea zilipopanda duniani kote mwaka 2021, na kuzidi kupanda baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, wakulima wengi walianza kuuliza kama kuna njia nyingine ya kulisha mimea.

Jibu mojawapo linalotajwa mara kwa mara ni bakteria wenye manufaa. Katika maduka ya pembejeo huuzwa chupa na pakiti zinazoahidi kupunguza matumizi ya mbolea. Makala haya yanaeleza bakteria hao hufanya nini, utafiti umethibitisha nini kuhusu nyanya, na ni mkulima yupi anayeweza kunufaika nao.

Bakteria hawa ni akina nani?

Kila mzizi ulio hai hutoa sukari na asidi kidogo kwenye udongo unaouzunguka. Chakula hicho huwavuta bakteria, nao hukusanyika karibu na mizizi kwa wingi kuliko penginepo udongoni. Wengi wao hawadhuru wala kusaidia. Wachache huleta magonjwa. Wachache wengine huusaidia mmea kukua, na miongoni mwao wanaojulikana zaidi ni wa jamii za Bacillus, Pseudomonas na Azospirillum. Mwaka 1978 watafiti Joseph Kloepper na Milton Schroth waliwapa bakteria wa namna hii jina la pamoja, yaani bakteria wa mizizi wanaokuza mimea.

Msaada wao huja kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni kuongeza mizizi. Baadhi yao hutengeneza homoni inayoufanya mmea utoe mizizi mingi midogo ya pembeni, na mmea wenye mizizi mingi hufikia maji na virutubisho ambavyo vingepotea. Ya pili ni kuifungua fosforasi. Udongo mwekundu ulio katika sehemu kubwa ya ukanda wa Ziwa Victoria una chuma na alumini kwa wingi, na madini hayo huishika fosforasi kiasi kwamba mmea hauwezi kuipata hata ikiwa ipo. Bakteria fulani hutoa asidi zinazoiachilia. Ya tatu ni kinga: baadhi huwazuia vimelea wa magonjwa kwa kuwanyang'anya nafasi na chakula, au kwa kuuamsha mmea ujilinde mapema.

Je, ni sawa na bakteria wa maharage?

Hapana, na tofauti hii ina uzito mkubwa. Wakulima wengi wa Afrika Mashariki waliwahi kusikia kuhusu bakteria kupitia maharage na soya. Mwaka 1888 wanasayansi wa Kijerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walitangaza kwamba vinundu vilivyo kwenye mizizi ya jamii ya kunde ndivyo vinavyouwezesha mmea kutumia nitrojeni ya hewani. Mwaka huohuo Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria waishio ndani ya vinundu hivyo. Leo wanajulikana kama rhizobia.

Ukanda wetu una historia yake katika jambo hili. Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikitengeneza unga wa rhizobia wa kupaka mbegu za maharage na soya. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kiliwahi kutengeneza unga wa aina hiyo ulioitwa Nitrosua. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na kampuni ya MEA kuufikisha sokoni kwa jina la Biofix.

Lakini nyanya haina vinundu. Rhizobia wa maharage hawawezi kuingia kwenye mizizi yake na kuilisha nitrojeni kama wanavyolisha soya. Bakteria wa nyanya huishi nje ya mzizi au juu ya ngozi yake, na kazi yao kubwa ni kuusaidia mmea utumie vizuri zaidi kile ambacho tayari kimo udongoni. Kwa hiyo mkulima anayemwaga bakteria kwenye udongo usio na rutuba, akitarajia waifanye kazi ya mfuko wa mbolea, atavuna hasara.

Utafiti unasema nini?

Moja ya tafiti zinazotajwa sana kuhusu swali hili ilichapishwa mwaka 2009 na Adesemoye, Torbert na Kloepper, kutokana na kazi iliyofanywa katika jimbo la Alabama, Marekani. Walipanda nyanya katika banda maalumu la mimea, wakatumia aina mbili za bakteria wa jamii ya Bacillus pamoja na kuvu rafiki wa mizizi, kisha wakapunguza mbolea hatua kwa hatua.

Matokeo yao yalikuwa haya: nyanya zilizopewa asilimia 75 ya mbolea iliyopendekezwa, pamoja na viumbe hao, zilikua na kuzaa sawa na zile zilizopewa asilimia 100 bila viumbe hao. Mbolea iliposhuka chini ya asilimia 75, kwa kawaida manufaa hayakuwa ya uhakika. Mara yalionekana, mara hayakuonekana. Mchanganyiko wa bakteria na kuvu ulifanikiwa kwa uthabiti hadi asilimia 70.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, jaribio lilifanyika bandani, si katika shamba lenye mvua, jua na magugu. Pili, akiba iliyopatikana ni ya robo, au zaidi kidogo ya robo. Haikuwa nusu, wala haikuwa mbolea yote. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika mara nyingi, asilimia 75 ni ya kiwango kilichopendekezwa na wataalamu. Si asilimia 75 ya kile ambacho mkulima amezoea kuweka.

Nani anaweza kupunguza, na nani asipunguze?

Uganda ni miongoni mwa nchi zinazotumia mbolea kidogo sana kwa hekta duniani. Katika mkutano uliofanyika Abuja mwaka 2006, viongozi wa Afrika waliweka shabaha ya kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo mwaka 2015, na Uganda haikuikaribia. Ni kweli kwamba wakulima wa nyanya hutumia zaidi kuliko wakulima wa mahindi au mihogo, lakini hata miongoni mwao hali hutofautiana mno.

Mkulima anayefuata kiwango kamili, au anayekizidi, anaweza kujaribu kupunguza robo akitumia bakteria. Lakini mkulima anayeweka kiganja kimoja pale ambapo vingetakiwa viwili tayari yuko chini ya kiwango. Huyo hana cha kupunguza. Bakteria wanaweza kumsaidia apate zaidi kutokana na mbolea ile ndogo aliyonayo, hasa akiongeza mboji au samadi iliyoiva, ila akipunguza tena atakuwa anaidhoofisha mimea yake kwa mkono wake mwenyewe.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuujua udongo. Maabara za Chuo Kikuu cha Makerere na za kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda, kaskazini mwa Kampala, hupima udongo wa wakulima. Kipimo hicho huonyesha pia kiwango cha asidi. Udongo wenye asidi kali huwadhoofisha bakteria na nyanya pia, na huenda ukahitaji chokaa ya kilimo kabla ya jambo lingine lolote.

Namna ya kuwatumia

Bakteria ni viumbe hai, na wakifa ndani ya chupa mkulima amenunua maji machafu. Kabla ya kununua, tazama kwamba lebo inataja jina la bakteria, idadi yao, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, na uulize kama bidhaa imesajiliwa na Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi. Epuka chupa iliyoanikwa juani mbele ya duka. Bacillus hutengeneza mbegu ngumu zinazostahimili joto na ukavu, hivyo hudumu kwa muda mrefu. Pseudomonas hawana uwezo huo, nao huharibika upesi.

Kwa kawaida bakteria huwekwa kwenye mbegu, au miche huchovywa mizizi wakati wa kuhamishwa kutoka kitaluni, au maji yenye bakteria humwagiwa kwenye shina. Fuata kipimo cha lebo. Fanya kazi hiyo jioni, kwenye udongo wenye unyevu. Maji ya bomba huwa na klorini inayoua bakteria, kwa hiyo yaache wazi katika ndoo usiku kucha kabla ya kuyatumia. Usichanganye bakteria na dawa za ukungu zenye shaba.

Pia usiwatarajie waondoe peke yao mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaoletwa na Ralstonia solanacearum ambao huikausha nyanya ikiwa bado ya kijani. Ugonjwa huo hukaa udongoni, na hushambulia pia viazi mviringo, biringanya na pilipili. Nakati na ntula, mboga zinazopendwa Buganda, ni za ukoo huohuo, kwa hiyo si salama kuzifuatisha na nyanya kwenye shamba moja. Ni afadhali kupishanisha nyanya na mahindi, au na maharage yaliyopakwa rhizobia, ambayo mabaki yake huuachia udongo nitrojeni kiasi kwa ajili ya nyanya zitakazofuata.

Jaribio la matuta matatu

Njia ya kujua ukweli bila kuhatarisha shamba zima ni kutenga matuta matatu yanayolingana, yenye miche ya aina moja iliyopandwa siku moja. Tuta la kwanza lipewe mbolea kamili bila bakteria. La pili lipewe robo tatu ya mbolea pamoja na bakteria. La tatu lipewe robo tatu ya mbolea bila bakteria. Kama kipimo kamili cha tuta ni gramu 400, basi robo tatu ni gramu 300. Pima mavuno ya kila tuta kwa kilo hadi mwisho wa msimu.

Wengi huliacha tuta la tatu, na bila hilo jaribio halina maana. Ikiwa tuta la pili limelingana na la kwanza huku la tatu likiwa nyuma, bakteria wamefanya kazi. Ikiwa yote matatu yamelingana, basi mkulima alikuwa akiweka mbolea kupita kiasi, na anaweza kupunguza bila kununua chupa yoyote. Ikiwa la pili na la tatu yote yamebaki nyuma, bakteria hao hawafai kwa udongo wake, au walikuwa wamekwisha kufa.

Mwisho hubaki hesabu ya fedha. Kwa kila mifuko minne ya mbolea, akiba inayotarajiwa ni mfuko mmoja. Bei ya bakteria ikiwa chini ya bei ya mfuko huo, mkulima amepata. Ikiwa juu yake, mfuko ungemfaa zaidi.